Salo ya Janvier

Mwezi uliopita nilimsindikiza binti yangu Grâce kuchagua viti na meza za nyumba atakayokaa akiolewa. Tulikuwa katika atelye moja ya seremala hapa Bunia, kwenye barabara ya kwenda uwanja wa ndege, na fundi alikuwa anatuonyesha fotey, viti vya mikono vya kupokelea wageni, zilizofunikwa kitambaa cheupe, miguu yake imepakwa rangi ya dhahabu. Grâce alikuwa na picha kwenye simu yake na alitaka kila kitu kifanane na picha ile. Mimi nilikuwa nimeinama napapasa chini ya meza, kama nilivyofundishwa zamani, kuona kama upande usioonekana umepigwa randa vizuri. Hapo simu yangu ikalia. Jirani mmoja wa mtaa wa Sukisa aliniambia kwamba Mama Veronika ameaga dunia asubuhi ile, kwa utulivu, akiwa kitandani mwake. Nikakaa kwenye fotey ya watu bila kuomba ruhusa. Grâce akaniuliza nani amekufa, nikajibu kwamba ni mama mukwe wangu. Akanitazama kwa mshangao, maana bibi yake, mama wa baba yake, yuko Nyankunde na siku ile ile walikuwa wamesalimiana kwa simu. Nikamwambia tutazungumza nyumbani. Tulizungumza, lakini kuna mengine sikuweza kumwambia msichana anayechagua viti vya arusi yake. Hayo nimeyaandika hapa.

Ilikuwa kabla ya vita kuingia mjini; nilikuwa nimepata diplome yangu ya shule na nilikuwa ninakaa kwa mama mudogo Léontine, ndugu wa mama yangu. Alikuwa anauza vitenge sokoni, lakini ujana wake aliupitisha katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja Mgiriki, akisafisha na kupanga vyumba, na kutoka kule alileta tabia ambazo wanawake wengine wa mtaa wetu walizicheka. Hakukubali kitambaa cha plastiki juu ya meza. Hakukubali salo, chumba cha wageni, ijazwe viti hadi mgeni apite kwa ubavu kama mwizi. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba vitatu tu, saruji imepasuka, na bado mtu akiingia alijisikia kushusha sauti. Jioni tulikula sombe ya majani ya muhogo na samaki wa ziwani kutoka Kasenyi kwenye meza nyembamba karibu na dirisha, na alinikataza kuegemeza kiwiko. Alisema chombo kizuri kinamfanya mtu akae vizuri, na mtu anayekaa vizuri anafikiri kabla ya kusema. Nilikuwa ninamwona anajisumbua bure. Leo hata mimi siwezi kuvumilia meza inayoyumba.

Janvier ndiye aliyekuwa ameomba kunioa. Alikuwa kijana wa biashara ya ng'ombe, akinunua kusini, Gety na Aveba, na kuwaleta Bunia kwa wachinjaji. Alicheka kwa sauti kubwa na aliogopa kitu kimoja tu, kuonekana kama mtu wa porini. Alikuwa amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, bado haina milango, na kabla hata ya kufikiria milango alitaka viti na meza za salo, ile salo ya wakubwa ambayo alikuwa ameiona kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu. Aliniomba nije kuchagua pamoja naye, na kwa kuwa msichana hawezi kuzunguka peke yake na mchumba wake, mama mudogo akaja nasi. Kwa hiyo tulikuwa watatu siku tulipoingia kwa fundi Lazare.

Atelye ya Lazare ilikuwa kibanda kirefu cha mabati chenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi za watu. Ukutani alikuwa amebandika kurasa za magazeti ya Ulaya, salo za watu wa mbali, zimegeuka rangi ya chai. Janvier akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa fotey zilizochongwa vichwa vya simba mwisho wa mikono, akasema anataka hizo. Mama mudogo hakumpinga. Alimwomba tu fundi alete fotey ya aina ile iliyokuwa tayari pembeni, akamkalisha Janvier, akamwambia aweke mikono juu ya simba hao na akae hivyo tukiongea. Tukaongea juu ya bei ya kitenge, juu ya mvua. Baada ya muda Janvier akaanza kusogeza mikono, akaiweka mapajani, akairudisha, akaitoa tena, na mwishowe akacheka mwenyewe na kusema simba wanamuuma. Simba wakaachwa. Mama mudogo akachagua fotey za mkono mpana na laini, mgongo ulioinama kidogo, zote za libuyu, ule mti mwekundu unaotoka msituni upande wa Mambasa. Akatufundisha kutazama viungo kabla ya vernis ya kung'arisha mbao kupakwa, kwa sababu vernis nzito inaficha misumari na mastiki ya kuzibia nyufa. Akatuambia kimeza cha kando kiwe na kimo sawa na mkono wa kiti, ili mgeni aweke kikombe bila kutafuta.

Tulimaliza siku nzima pale. Fundi akaandika oda yetu: canapé moja, kile kiti kirefu cha watu watatu, fotey nne, meza ya katikati na vimeza vya kando. Kimeza kimoja Janvier alikichagua peke yake. Kulikuwa na kipande kinene cha libuyu kimelala mlangoni, kimekatwa kutoka mahali shina linapogawanyika, nyuzi zake zimezunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu. Mafundi walikuwa wanakalia kipande hicho wakati wa kula. Janvier akakinyanyua, akakipuliza vumbi, akaniuliza kama ninakipenda. Nilisema ninakipenda sana, na ilikuwa kweli. Lazare akaeleza kwamba mbao ya hivyo inasumbua, inaweza kupasuka ikikauka, lakini Janvier akashikilia kwamba kimeza kitengenezwe nayo. Njiani tukirudi mama mudogo alininong'oneza kwamba kijana huyu ana jicho, na kwamba kwake yeye hiyo ilikuwa na thamani kuliko ng'ombe.

Ng'ombe wa mahari yangu walikuwa bado Aveba, na Janvier akaenda kuwachukua mwenyewe. Wakati huo barabara ya kusini ilikuwa imeanza kusemwa vibaya, lakini ilikuwa inasemwa vibaya kila mwaka, na watu walipita. Aliondoka asubuhi na wenzake wa biashara. Alipita kwetu, akanywa chai akiwa amesimama, akasema atarudi kabla vernis haijakauka. Kilichofuata tulikipata kwa wale waliorudi, miguu imevimba, nguo zimechanika na majani. Walikuwa wanashuka na ng'ombe, hawajafika Nyankunde, watu wenye silaha wakawatokea, kila mmoja akakimbilia upande wake. Janvier aliingia kwenye majani marefu. Hakuna aliyemwona akianguka. Hakuna aliyemwona tena. Mmoja wao alieleza hayo mbele yetu akitazama sakafu, na alipomaliza akaomba maji, na mama mudogo akamletea. Sikulia. Sikujua kama ninaruhusiwa kulia.

Mama yake Janvier, Veronika, alikuwa mjane na huyu alikuwa mtoto wake wa pekee. Watu wa kanisa walipokwenda kwake kukalia kilio, yaani kukaa matanga, aliwasimamisha uani. Akawaambia kwamba hajaona maiti, hajaona hata kiatu, na hatakalia kilio cha mtu ambaye labda yuko njiani. Wakarudi na mikeka yao. Majuma machache baadaye alikuja kwa mama mudogo. Nilikuwa jikoni, nachambua maharagi, na ukuta wa jikoni ulikuwa wa mbao nyembamba, kwa hiyo nilisikia yote. Alikuwa amesikia kwamba vyombo vimekwisha, na kwamba Lazare anauliza vipelekwe wapi. Alitaka vipelekwe kwake, vipangwe, ili Janvier akirudi akute salo yake tayari. Mama mudogo alijibu kwa upole kwamba mtoto wa watu hawezi kuwekwa kungoja bila mwisho, na kwamba ingekuwa vizuri Lazare auze vitu vile na kila mtu ajaribu kuishi. Kisha nikasikia kiti kinasogezwa, na Veronika akaja mwenyewe hadi mlango wa jikoni. Alikuwa mwanamke mfupi, uso mkavu, amejifunga kitenge kizuri kama mtu anayekwenda misa.

"Sifa," aliniita, "miye sijui kupanga vitu ya hivi. Wee ndiye ulichagua pamoja naye. Kuja unipangie tu."

Nilifunika maharagi, nikanawa mikono. Mama mudogo alinifuata hadi barabarani. Hakunizuia. Alisema tu, "Unaenda kukaa mujane wa mutu hajakuoa." Alisema kweli, na bado nilikwenda. Mpaka leo sijui kama nilikwenda kwa huruma au kwa sababu nami nilitaka kungoja mahali ambapo kungoja hakuchekwi.

Nyumba ya Veronika ilikuwa ya udongo, imepakwa chokaa, salo yake ndogo sana kwa vitu vile. Lazare na mafundi wake walilazimika kuingiza canapé kwa dirisha, fremu imetolewa. Nilipanga, nikapangua, nikapanga tena. Nilitumia kila kitu nilichofundishwa, na bado mtu angekaa kwenye fotey magoti yangegusa meza ya katikati. Lakini mbao zilikuwa nzuri, jamani. Mwanga wa asubuhi uliingia ukalala juu ya libuyu, na chumba chote kikawa chekundu. Kile kimeza cha Janvier hakikupasuka. Tulikiweka kando ya fotey inayotazama mlango. Veronika alivifunika vyote kwa mashuka, na kila Jumamosi tulifunua, tukafuta vumbi, tukafunika tena. Hatukukalia hata kimoja. Tulikula jikoni, kwenye vigoda, bugali na sombe, na aliniuliza habari za ile siku ya kuchagua: Janvier alisema nini, alicheka wapi, alivaa nini. Nilimsimulia mara nyingi kiasi kwamba maneno yangu mwenyewe yalianza kunichosha, na yeye hakuchoka.

Kisha vita vikaingia mjini. Siwezi kuvieleza kama wale wanaojua nani alipigana na nani. Mimi nilijua milio, na ukimya baada ya milio, ambao ulikuwa mbaya zaidi. Mama mudogo alipata nafasi kwenye lori la kwenda Beni na alituma mtu kuniita. Nilikataa, maana Veronika hakutaka kuondoka. Alisema mtoto akikuta nyumba imefungwa ataenda wapi. Watu wa vijijini wakaanza kuingia mjini na magodoro vichwani, na wanawake wenye watoto wakafika hadi uani petu, kwa kuwa palikuwa na ukuta. Veronika aliwapa jiko, akawapa baraza, akawapa hata chumba alichokuwa analala. Salo aliifunga kwa ufunguo. Mvua ilipiga baraza, na mimi nilipita kati ya watoto waliolala wamekunjamana, nikijua kwamba nyuma ya mlango ule kuna viti vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, vimevaa mashuka kama wagonjwa. Sikuthubutu kumwomba Veronika afungue. Siku mwanamke mmoja alipojifungua pale barazani, huku upepo unasukuma mvua juu yake, Veronika alitoka, akamtazama, akarudi ndani. Nikasikia ufunguo. Tukasukuma vyombo vyote upande mmoja, kimoja juu ya kingine, na mama na mtoto mchanga wakalala kwenye mito ya canapé. Kwa juma zima baada ya hapo Veronika hakunena na mimi zaidi ya salamu.

Chakula kidogo kilikuwepo. Watu wa misaada walikuwa wanagawa unga na maharagi. Kilichokosekana ni kuni. Makaa hayakufika tena kutoka vijijini, miti ya uani ilikuwa imekwisha kukatwa, na maharagi mabichi hayaliki. Wanawake wawili wa pale kwetu walikwenda kutafuta kuni upande wa mto. Alirudi mmoja. Hakuwa na kuni, na kitambaa chake cha kichwa hakikuwepo. Alikaa kando ya ukuta, miguu ameinyoosha mbele, na hakuna aliyemuuliza kitu. Wanawake wakamzungushia kitenge, wakamwosha. Watoto wake wawili wakasimama mbele yake wakimwambia wana njaa, wakarudia, wakarudia, kama watoto wanavyofanya, na yeye hakuwa anawasikia.

Veronika alikuwa amesimama mlangoni ameona yote. Akaingia jikoni, akatoka na shoka. Akaniita ndani ya salo. Vyombo vilikuwa vimelundikana hadi karibu na dari, na alivitazama kwa muda mrefu kama mtu anayefika sokoni na hajui aanzie wapi.

"Tuanze na ipi?" aliniuliza.

Nilielewa. Nikatafuta kwa macho kile kitakachoumiza kidogo, nikamwonyesha meza ya katikati, nikamweleza kwamba ina mbao nyingi na itatupikia siku kadhaa. Akatikisa kichwa. Akanyoosha mkono juu ya rundo, akashusha kile kimeza chenye nyuzi za mzunguko, akakishika kifuani.

"Hapana. Hii," alisema. "Kama hii imewaka, ingine haitatushinda."

Nilimwomba anipe shoka, akakataa. Alikipasua mwenyewe uani, na libuyu kavu haikubali upesi. Shoka lilirukaruka. Vernis ilitoa moshi mweusi uliokamata koo, mpaka tukajifunza kuipara kwanza kwa panga. Baada ya hapo moto ukawa mzuri, mwekundu, wa polepole. Maharagi yakachemka. Yalikuwa na ladha chungu ya vernis, na watoto waliyala wakalamba sufuria. Veronika alimlisha yule mwanamke wa ukutani kwa mkono wake, tonge kwa tonge, na mwanamke huyo alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza, mama mmoja nyuma yangu alianza kuomba kwa sauti ya chini. Kisha Veronika naye akala. Ndiyo siku niliyojua kwamba hamngoji tena mtoto wake, ingawa hakusema.

Vimeza vingine vikafuata, na meza, na fotey moja moja. Kila mara aliniuliza nichague. Nilikuwa nimejifunza kuchagua kwa uzuri. Sasa nilichagua kwa unene wa mguu, kwa ukavu, kwa wingi wa vernis ya kupara. Nimekutana na watu wanaofikiri kwamba tulilia kila fotey ilipoingia motoni. Hatukulia. Tulikuwa tumechoka, na tulikuwa tunafurahi, nasema kweli, chungu kilipochemka. Mtoto mmoja alikufa hata hivyo, kwa kuhara, na tulimzika nyuma ya choo kwa sababu ya risasi. Mto mmoja wa canapé tulimzika nao.

Utulivu uliporudi, ule utulivu wa Bunia ambao hakuna anayeuamini, wanawake wale walianza kuondoka, wengine kwenda kambini, wengine kutafuta waume. Siku moja mchana fundi Lazare alibisha hodi. Alikuwa amekimbilia Komanda na amerudi amekuta atelye yake haina hata bati. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota nyeupe. Veronika akamkaribisha ndani, na kwa kuwa hapakuwa na kiti, akamtandikia mkeka. Lazare akatazama salo nzima, kuta zake tupu, alama za miguu ya fotey bado zimo kwenye sakafu ya udongo. Nilidhani atauliza nani ameiba. Veronika akamweleza, bila kuzunguka, kwamba vyombo vyote tulivipikia. Fundi akauliza kama mbao zilikuwa zimekauka vizuri, na Veronika akajibu ndiyo, ziliwaka vizuri sana. Akakubali kwa kichwa. Nikamletea chai.

Hakuinywa. Aliweka kikombe chini kwenye mkeka, akavua kofia, akageuka kumtazama mama yule usoni.

"Mama, viti ni mbao tu," alisema. "Miye nilikuja kukupa pole ya Janvier. Sikupata nafasi. Pole sana, mama."

Katika mwaka ule wote, kila nyumba ikiwa na maiti yake, hakuna mtu aliyekuwa amemwambia neno hilo, maana yeye mwenyewe alikuwa amelizuia uani. Veronika alifungua mdomo kama anataka kujibu, na sauti iliyotoka haikuwa jibu. Aliinama hadi paji la uso likagusa mkeka. Lazare hakumgusa, alikaa tu pale na kofia yake magotini. Mimi nilitoka nje. Nilikwenda nyumba ya kwanza, ya pili, hadi kwa watu wa kanisa, nikawaambia waje na mikeka, kwa Mama Veronika kuna kilio. Waliniuliza nani amekufa. Nikasema, bwana yangu, Janvier. Nilikuwa sijawahi kumwita mume wangu mbele ya watu. Wakaja wakajaza salo, wakakaa chini wote, bega kwa bega, na nafasi ikatosha.